Mwanaisha na mteremko wa mawe

Jumamosi, jioni

Nilimkaripia Mwanaisha mbele ya wasichana wenzake, na bado roho yangu haijatulia.

Kambi yetu ya baiskeli za milimani ilianza jana huku mtaani Karen. Leo, kila Mwanaisha alipofika juu ya mteremko wa mawe, alifunga breki na kushuka, wenzake wakibaki kumngoja. Mara ya nne nikamwambia, "Kama unaogopa, kaa kando wengine wapite." Akakaa kando.

Wakati wa chakula nilimfuata. Akaniambia bila kunitazama, "Kochi, mwaka jana gari lilinigonga barabarani Westlands nikienda kazini kwa baiskeli. Sikuwa nimepanda baiskeli tena mpaka jana."

"Nisamehe," nikasema. "Nilipaswa kukuuliza kwanza." Nimewafundisha wasichana wangapi bila kuwauliza chochote?

Mchana tuliacha mawe, tukatafuta mteremko mdogo wa nyasi. Nilikimbia kando yake nimeshika kiti cha baiskeli. Katikati akasema, "Kochi, niachilie." Nikamwachilia. Akashuka polepole, mabega yamekakamaa, akafika chini bila kuweka mguu.

Hapo hapo akampigia mama yake simu. Akamwambia, "Ongea na kochi," kisha akanipa simu.

"Mwalimu, ameanguka?" mama aliuliza, kwa sauti ya mtu aliyezoea kupokea habari mbaya.

"Hajaanguka, mama."



"Basi kesho nitamleta mwenyewe," akasema. "Nataka kumwona akiendesha."