Kambare kwa Mama wa Korea

Mjukuu wangu Fatuma, mke mwenzangu,

Hapa Minjila tuko wazima. Ng'ombe wa jirani wameingia tena kwenye mahindi yetu, na babu yako anawagombeza kana kwamba wanaelewa Kiswahili.

Ujumbe wako nimesomewa mara mbili na bado nimechanganyikiwa. Chaza wanapikwa pamoja na wali? Wanachovywa kwenye unga na mayai wakakaangwa? Na wengine huyo mama unayekaa kwake huko Korea huwatia wabichi kwenye kabeji ya pilipili? Wabichi! Sasa anataka akufundishe kuwapika, nawe unaniuliza ufanyeje. Mimi najua nini?

Mimi mtoto wa Kinakomba, wa samaki wa mtoni, chaza nilimwona mara ya kwanza Kipini, pwani, nilipoolewa. Mavyaa, mama yake babu yako, aliniandalia chaza wa nazi. Nilifumba macho nikameza. Hata ladha sikuijua. Baadaye nikampikia kambare mkavu wa kwetu, nikidhani namtunza. Kumtazama hivi, naye amefumba macho, anatafuna polepole. Tulicheka mpaka chakula kikapoa.

Kama alimpenda yule kambare, mpaka leo sijui. Lakini kila nikirudi kutoka kwetu, kabla hata ya salamu, aliniuliza, "Kambare wangu yuko wapi?"

Basi jifunze hao chaza, mwanangu, hata wabichi ukiweza. Nami nimekukaushia kambare, ila sijui kama kwenye ndege watamkubali. Akifika, mpikie huyo mama, kisha umtazame macho.

Bibi yako.