Vikonyo vya Kigoda

Tarehe 4 Februari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini magoti yako bado yanakubali kupanda zile ngazi. Sisi hapa wazima, isipokuwa mkono wangu wa kulia. Huo umeamua kucheza ngoma bila kupigiwa. Daktari ameupa ugonjwa jina refu na vidonge vidogo.

Ndani ya kifurushi utakuta patasi yangu ya mpini mweusi. Usishtuke. Juzi nilikuwa nachonga kigoda. Unavijua vigoda vyangu: duara, miguu mitatu, na pembeni tundu la mwezi mchanga la kushikia. Patasi ikateleza, ikachana ubao. Sikuumia. Lakini mteja alikuwa amesimama pale, na akageuza uso kwa adabu. Adabu yake ndiyo iliyoniuma.

Karakana sasa ni ya binti yangu. Amenunua mashine ya kukata mbao inayoongozwa na kompyuta. Yenyewe inakata, mimi nafagia vumbi lake. Binti anaimudu vizuri, siwezi kusema uongo. Lakini mtoto niliyemfundisha kushika msumeno siwezi kumwomba anifundishe kushika kipanya cha kompyuta. Chukua patasi, ukatie karatasi zako. Kazi yangu imekwisha.

Mdogo wako,
Nyundo

*

Tarehe 20 Februari

Mdogo wangu Nyundo,

Marahaba. Magoti yananung'unika lakini hayajagoma. Pole sana kwa mkono. Kunywa vidonge kwa wakati, usijifanye daktari wa daktari.

Patasi imefika. Nimeiweka mezani, na karatasi haitaonja makali yake.

Nilimpigia binti yako kumuuliza jina la programu anayotumia kuchorea. Nikamwambia ni ya kuchezea tu, nimechoshwa na mafumbo ya gazetini. Akacheka kidogo, akanitajia. Kumbe ni ya wanaoanza kabisa, nami nimeiweka kwenye kompyuta yangu. Mashine sina, kwa hiyo nakata ndani ya kioo. Wewe una mashine, mimi nina subira. Tukichanganya tutapata fundi mmoja mzima.

Ukifungua, utaona mstatili mweupe. Huo ndio ubao wako. Uandikie urefu, upana na unene wake wa kweli. Pembeni kuna picha za maumbo: duara, mraba, nyota. Bonyeza duara. Sasa nisikilize vizuri: usilivute kwa kipanya. Kuna kisanduku cha kipenyo. Andika 300, yaani milimita mia tatu. Duara litakaa lenyewe.

Mwezi wako ni duara lililong'atwa na duara jingine. Weka duara dogo, weka la pili juu yake, lisogeze kando kidogo, chagua yote mawili, kisha bonyeza alama ya kutoa. Kinachobaki ni mwezi. Nimefundisha kutoa maisha yangu yote, na sijawahi kuona kutoa kukiacha kitu kizuri namna hii.

Dada yako

*

Tarehe 11 Machi

Dada Rula,

Shikamoo, na unisamehe kwa jina hilo. Lakini nani mwingine angetembea na rula ndani ya mkoba mpaka kwenye harusi? Sisi wazima.

Nilikusudia kukukatalia. Kisha binti akatoka kupeleka meza kwa mteja, nami nikajikuta nimeingia ofisini kwake kama panya ghalani. Siku hizi anasahau kuzima kompyuta, na kiti chake anakiacha kimevutwa nyuma. Ujana huo.

Kipanya kilitetemeka kama panya wa kweli aliyeona paka. Mshale ukarukaruka kioo kizima, nikataka kuondoka. Nikakumbuka: usivute, andika. Nikaandika tarakimu kwa kidole kimoja. Duara likakaa. Dada, mkono unatetemeka, mstari hautetemeki! Nikaweka mwezi. Nikaweka matundu matatu ya miguu. Nikaketi nakitazama kigoda changu kama mtu aliyekutana na ndugu yake safarini.

Kompyuta ikaniuliza kama nataka kuhifadhi, nikahifadhi. Sasa nakataje?

Nyundo, mdogo wako

*

Tarehe 23 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba, na Rula bado ipo mkobani. Mimi mzima. Barua yako nimeisoma mpaka jirani akaniuliza nacheka na nani.

Sasa tukate. Penseli ina ncha, lakini kikatio cha mashine kina tumbo. Kinakula unene wake popote kinapopita. Ndiyo maana programu inakuuliza: kipite juu ya mstari, ndani yake, au nje yake? Jiulize wewe, ni upande gani nitabaki nao? Upande huo usiguswe. Ukingo wa kigoda, kipite nje ya mstari, maana duara ndilo unalolitaka. Mwezi na matundu ya miguu, kipite ndani ya mstari, la sivyo matundu yatapanuka na miguu itacheza kama meno ya babu.

Usikate kina chote kwa mkupuo. Iache mashine ikate tabaka kwa tabaka, kama mtu anayekunywa chai ya moto. Ubao ubane imara. Na kabla ya yote, bonyeza onyesho. Programu itakuonyesha kazi iliyokwisha kabla hujagusa ubao. Laiti ningekuwa na kitufe hicho siku nilipokubali uninyoe nywele!

Anza na ubao chakavu. Na binti awe karibu, hata kama hutaki kumwambia kwa nini.

Dada yako

*

Tarehe 9 Aprili

Dada,

Shikamoo. Wote wazima.

Nilikata. Mwezi ulitoka safi. Matundu yalitoka safi. Mashine ilipofunga mzunguko wa mwisho wa ukingo, kigoda kikaachia. Kikatio kikakidaka, kikakirusha ukutani. Ukingo umeng'atwa kama mkate.

Binti alikuwa mlangoni. Akazima mashine, akasema, "Pole, Baba." Basi. Nikatoka nje.

Umefundisha vizuri, mwanafunzi ndiye aliyeshindwa. Tusiizungumzie tena mashine. Tuandikiane habari za magoti.

Mdogo wako

*

Tarehe 17 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Magoti hayajambo. Sasa tuizungumzie mashine.

Kosa si lako, wala si la mkono wako. Mimi nakata ndani ya kioo, na ndani ya kioo hakuna kinachodondoka. Kila duara nililolikata lilibaki palepale, likinitazama. Sikuwaza hata mara moja kwamba kipande kikishakatwa pande zote hakina tena cha kukishikilia. Nimerudi kwenye programu, nimeichambua kitufe kwa kitufe, nimepata.

Tunda huning'inia mtini kwa sababu ya kikonyo. Basi na kigoda kiachiwe vikonyo. Kuna mahali pa kuiambia programu: ukizunguka ukingo, hapa na hapa usimalize. Weka vinne, kila kimoja upana wa kidole chako cha mwisho, unene wa milimita tatu. Kikatio kitafika, kitanyanyuka kidogo, kitaruka, kitaendelea. Mzunguko ukiisha, kigoda kitakuwa bado kimelala ndani ya ubao wake, kimetulia. Mashine haikati vikonyo. Hiyo ni kazi ya mtu.

Na jambo moja lisilo la hesabu. Wanafunzi wangu wengi waliogopa kukosea, na walikuwa watoto. Wewe ni fundi ambaye nusu ya mji inakalia kazi yake, ukakubali kuanza darasa la kwanza kwa kidole kimoja. Nimewahi kujivunia wengi. Hakuna niliyejivunia hivi.

Dada yako

*

Tarehe 10 Juni

Mdogo wangu,

Hamjambo huko? Barua yangu ya vikonyo ilifika? Hata matusi nitayapokea. Patasi bado ipo mezani. Kila asubuhi naipangusa.

Dada yako

*

Tarehe 12 Julai

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo, shikamoo tena, na ya tatu ni ya kuomba msamaha. Sisi wazima mno, ndiyo maana nilikaa kimya. Mtu hawezi kuandika barua akiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi.

Barua ya vikonyo ilikaa mfukoni mwangu nikiwa bado nimenuna. Siku moja nikaiweka mezani mbele ya binti, nikamwambia, "Soma. Shangazi yako ananifundisha mashine yako."

Akasema, "Najua, Baba."

"Unajuaje?"

"Shangazi na mafumbo ya gazetini hawawezi kuachana. Na wewe ulidhani kompyuta naisahau wazi kila siku? Kiti je, kinajivuta chenyewe?"

Nikamuuliza kwa nini basi hakunifundisha. Akajibu, "Hukuniomba. Na mimi nilijua ukiambiwa uombe, utahama mji." Huyo ni damu yako, Dada, si yangu.

Tukaweka vikonyo pamoja, vinne. Mashine ikazunguka, kigoda kikalala palepale. Shule ya watoto wadogo ilipokiona ikaagiza vya darasa zima, kila kimoja na mwezi wake. Faili binti ameliita Nyundo.

Vikonyo alikuwa anavikata kwa msumeno, vinaacha visigino vilivyochomoza ukingoni. Sikuvumilia. Nikachukua patasi yake, nyepesi kama kijiko. Nikaweka kiwiko juu ya benchi, bapa la patasi likaegemea ukingo. Mkono bado unatetemeka, sitakudanganya. Lakini patasi ikishaegemea, ubao unaishika pamoja nami. Sukuma kidogo: tak. Kikonyo kimekwenda, ukingo laini. Binti akapitisha kidole gumba, kisha akanisogezea rundo lote. Hakugeuza uso.

Kinachokuja na barua hii ni chako. Miguu mitatu nimeifunga kando, ni ya kuchomeka tu. Kigoda chenyewe nimekiacha ndani ya ubao wake, kama kinavyotoka kwenye mashine. Umekata ndani ya kioo siku nyingi, sasa sikia mti. Vikonyo ni vinne, na kifaa unacho mezani. Kiwiko chini, usiharakishe, vidole viwe nyuma ya makali. Kisha kikalie, upumzishe magoti.

Ukimaliza kikonyo cha mwisho, nirudishie patasi yangu. Nina kazi.

Mdogo wako,
Nyundo