Namba za Nakapanya Nilizozisahihisha Mimi

Mshauri mpendwa, shikamoo kama umenizidi miaka, na kama hujanizidi basi naisubiri yako, naomba unisaidie kabla ya Ijumaa tarehe 18 mwezi huu wa sita, maana siku hiyo kuna binti wa watu atafukuzwa kazi kwa kosa langu, na mimi ninayekuandikia ndiye nitakayebeba faili la kumfukuzia hadi mezani.

Mimi ni karani wa masjala hapa Songea, darasa la nane la mkoloni, nakaa Lizaboni, miaka thelathini na moja nafungua na kufunga mafaili, nilianzia ushirika, na ushirika ulipokufa na biashara ikaachiwa kila mwenye mtaji, kampuni moja ya kununua korosho ikanichukua pamoja na makabati yangu, nadhani walishindwa kututenganisha. Jina langu liache. Wengine nimewabatiza upya, bosi nitamwita Joachim, akisoma atajitambua kwa kitambi, na karani wa ofisi yetu ndogo ya Nakapanya kule Tunduru nitamwita Zena.

Zena ana umri wa mjukuu wangu, kwa hiyo ni mchumba wangu, na kila akipiga simu ya kazi huanza na hilo: "Babu, mke mwenzangu Kunegunda hajambo? Mwambie nakuja kuchukua changu." Namjibu, "Njoo ukichukue, ila ujue kinakohoa."

Sasa mwezi wa nne kampuni ikaleta kompyuta na madishi, ofisi mbili ziunganishwe, ili orodha ya wakulima wanaopewa salfa, dawa ya unga ya mikorosho, orodha inayokaa kwenye kompyuta kubwa ofisini kwetu hapa Msamala, Zena aifungue huko huko Nakapanya bila kusubiri basi. Fundi wa kutoka Dar, nitamwita Muhsini, akanieleza kwamba kitu hicho kinaitwa VPN, ni kama bomba la kwetu wenyewe lililopitishwa ndani ya intaneti, nikamwambia mtaani kwetu bomba la maji lenyewe linatoa siku mbili kwa wiki. Akafunga upande wetu vizuri, halafu homa ikamkamata akarudishwa Dar, akaniachia karatasi ya namba za mashine zote, mwandiko wa mgonjwa, niinakili vizuri niitume nakala Nakapanya na gari la kampuni, Zena aziingize mwenyewe. Karatasi ilisema mashine za Songea zianze na 192.168.1 na za Nakapanya zianze na 192.168.2. Lakini katika masjala yangu faili la tawi huchukua namba ile ile ya faili la makao makuu, herufi kwa herufi, la sivyo hiyo si nakala. Nikaona homa imempanda kijana kichwani, nikamsahihishia, zile mbili zote nikazifanya moja, nikajisifu na chai nikaagiza.

Zena akaingiza kama nilivyoandika, kisha akairudisha karatasi kwangu kwa mkono wa dereva, ndiyo desturi yetu, karatasi iliyokwisha kazi hurudi masjala.

Wiki tatu folda haikufunguka. Taa ya bomba ni kijani pande zote mbili, lakini ukibonyeza ile folda mashine inafikiri, inafikiri, halafu inasema haioni kitu. Wakazima wakawasha, wakabadilisha nywila, wakabadilisha waya, Joachim akaituma orodha kwa disketi ndani ya basi ikafika na vumbi haisomeki, huku ugonjwa wa ubwiri unga unaanza kuishika mikorosho, na wanunuzi wengine wakagawa salfa yao wakatuchukulia wakulima. Muhsini alipopona akarudi, akampigia Zena kutoka mezani kwa Joachim, simu ikiwa kwenye spika, na mimi nimesimama pale na birika, akamwambia amsomee namba za mashine yake.

"Moja?" Muhsini akasema. "Pande zote mbili zikiwa moja, mashine yako inadhani inayoitafuta ni jirani yake wa humo humo ofisini, inaitafuta humo, haiingii kwenye bomba kabisa. Weka mbili."

Zena akaweka mbili. Folda ikafunguka dakika ile ile.

"Mimi niliweka ilivyoandikwa," Zena akasema.

"Na mimi niliandika mbili," Muhsini akasema.

Joachim akanigeukia. "Mzee, lete faili la mtandao."

Mshauri, kutoka meza ile hadi kabati langu na kurudi ni hatua ishirini na nane. Humo nikaichomoa nakala yangu, nikaikunja, nikaitia kwenye soksi, nikaleta faili lina karatasi ya Muhsini peke yake, kana kwamba nakala haikurudi kutoka Nakapanya. Joachim akaisoma ile mbili, akasema basi Zena kabadilisha makusudi, katumwa na wale wanunuzi wengine. Akamsimamisha kazi. Kamati inakaa Ijumaa hiyo.

Juzi kanipigia. Hakumuulizia Kunegunda. "Mzee, naapa kwa Mwenyezi Mungu sikubadilisha kitu. Karatasi yako nilimpa dereva. Itafute, tafadhali, wewe hupotezi karatasi." Nikamwambia nitaitafuta.

Nimebakiza miezi minne nistaafu, hafla ya kuniaga imeshapangwa na Padri kaalikwa, nitasifiwa kwamba sikuwahi kupoteza hata ukurasa. Je, nikiirudisha karatasi kimya kimya humo kwenye faili, si wataiona wenyewe? Au nimwandikie Joachim barua isiyo na jina? Nishauri, ila usinifokee, nina presha.

Mzee wa Makabati, Lizaboni, Songea

Bi Benigna anajibu:

Shikamoo, mzee. Umeipata, sasa kaa chini tusemane. Nimeomba barua yako itangulizwe, inatoka leo Jumanne, kwa hiyo una siku tatu.

Kuigeuza mbili kuwa moja siwezi kukulaumu sana. Ulifanya ulivyofundishwa, na Muhsini naye alikosea kukuachia namba bila kukwambia kwa nini zinatofautiana. Nimemuuliza mtu wa kompyuta hapa kwetu, anasema hilo wanalikosea hata waliolisomea. Ungesema siku ile mezani wangekucheka, ukacheka nao, yakaisha. Lakini katika hizo hatua ishirini na nane ulizozihesabu vizuri hivyo, ulimtwisha binti mzigo wako na ukarudi kushika birika. Umenichekesha mara tatu katika barua hii, na kila mara nilijua unanipitisha mbali na Zena, ambaye sasa hivi yuko Nakapanya anawaeleza majirani kwamba hakutumwa na mtu.

Kuirudisha kimya kimya usithubutu. Karatasi ikiibuka leo ghafla, Joachim atasema Zena kaitengeneza na kuna mwenzake masjala aliyempenyezea. Utakuwa umemmaliza kabisa. Barua isiyo na jina ni hivyo hivyo. Karatasi hiyo haina kazi mpaka mwenye mwandiko asimame pembeni yake.

Fanya hivi. Kesho asubuhi ingia kwa Joachim na karatasi zote mbili, ya Muhsini na yako, uziweke mezani. Mweleze kwa nini uligeuza namba, siku gani ulichomoa nakala, na ulipoificha, soksi na yote. Usitanie. Usiitaje presha. Halafu mwombe barua ya kumrudisha Zena kazini iandikwe siku hiyo hiyo, uisubiri ukiwa umesimama, na asomewe kwenye spika ile ile, mbele ya watu wale wale waliomsikia akituhumiwa. Muhsini naye abandike ukutani katika kila ofisi, Songea moja, Nakapanya mbili, na sababu yake chini, ili atakayekuja baada yako asisahihishe.

Hafla huenda ikafutwa, na Padri akabaki parokiani. Siwezi kukuahidi vinginevyo. Ulichokuwa unataka kusifiwa nacho ulishakipoteza njiani kwenda kabatini, na hotuba haiwezi kukirudisha.

Ila kabla ya Joachim, leo hii, ukimaliza kusoma hapa, mpigie Zena. Atakuuliza kama umeipata. Usimjibu kwamba umeipata. Mwambie ulikuwa nayo tangu siku ile. Kisha nyamaza, usikilize lolote atakalosema, hata kama ni mlio wa simu iliyokatwa.