Kelele za Hisa kwenye Duka la Magodoro

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Mama Chaki (ndilo analoitikia)
Umri: Miaka 63
Kazi: Mstaafu, zamani mwandishi wa bei katika soko la hisa
Makazi: Mtaa wa nyuma ya kiwanda cha sabuni

Nimeonywa niseme ukweli mtupu, nami leo sina sababu ya kusema kingine.

Mnamo Jumamosi, tarehe 14 mwezi huu, majira ya saa nne asubuhi, nilifika na mume wangu kwenye duka la magodoro lililo chini ya kliniki ya meno. Afande ameniuliza kwa nini tulikwenda hapo. Ni kwa sababu zamani duka hilo ndilo lilikuwa ukumbi wa soko la hisa, na humo nilifanya kazi tangu usichana wangu.

Kabla ya ukumbi, madalali walikuwa wakiuziana hisa mikahawani, kila mmoja na bei yake ya kichwani. Ukumbi ulipofunguliwa, wakakusanywa chumba kimoja ili bei isikiwe na wote. Anayenunua alipaza sauti akitaja kampuni na bei anayotoa, anayeuza naye akataja yake. Walivutana mpaka wakakubaliana, nami nikaandika ubaoni. Wanunuzi wakizidi, bei ilipanda. Wauzaji wakizidi, ilishuka. Hakukuwa na uchawi mwingine.

Afande ameuliza hisa yenyewe ni nini. Nimemjibu ni kipande cha kampuni. Ukiwa na hisa za kiwanda cha baiskeli, wewe ni mmoja wa wenye kiwanda, hata kama kipande chako hakifiki spoku moja. Kikipata faida, unapewa gawio. Kikifilisika, unafuta machozi pamoja na wenzako.

Mume wangu alikuwa dalali. Walimwita Honi, maana sauti yake ilivuka barabara. Nikimwambia apunguze, sisi si viziwi, alinijibu, "Chaki, nikinong'ona mteja wangu atakula hasara."

Baadaye zikaja kompyuta, ukumbi ukafungwa. Siku hizi mtu ananunua hisa kwa simu akiwa kitandani. Ni jambo zuri, hata jirani yangu muuza mboga anazo.

Mwaka jana mume wangu alipatwa na kiharusi. Mguu ulirudi, mkono ukarudi, ulimi ukagoma. Anaelewa kila kitu. Akitaka chumvi, ananyoosha kidole. Nyumba ilinyamaza. Naomba hilo nisilieleze zaidi.

Mtaalamu anayemfundisha kuongea aliniambia, "Mama, tafuta maneno aliyoyasema mara nyingi kuliko yote maishani. Wakati mwingine hayo hutangulia kurudi." Nilicheka palepale, maana niliyajua.

Nikawaita madalali wenzake wa zamani, akiwamo mmoja tunayemwita Senti Tano, kwa kuwa aliweza kugombania senti tano tangu asubuhi hadi adhuhuri. Mwenye duka alitukubalia kwa sharti moja, tusipande magodoro na viatu. Nilisimamisha boksi kubwa ukutani likawa ubao.

Senti Tano alipaza sauti kwamba anauza hisa mia moja za kiwanda cha baiskeli, thelathini kila moja. Kiwanda hicho kilikufa siku nyingi, lakini hakuna aliyejali. Wenzake wakatoa ishirini, wengine ishirini na mbili, wakivutana ovyo kwa makusudi. Mume wangu akaanza kutikisa kichwa kama mtu anayeona chungu kinaungua na hakuna anayeinuka.

"Basi, nawapa kwa ishirini na mbili," Senti Tano akasema.

Mume wangu akasimama. Midomo ikamcheza. Akasema, "Na... na..." Nilitaka kumshika mkono, nikajizuia.

Senti Tano hakumhurumia. "Ishirini na mbili, nafunga!"

"Nanunua!" mume wangu akapiga ukelele. "Ishirini na tano! Chaki, andika!"

Sikuandika. Aliyelia kwa sauti, kama ilivyoripotiwa, ni mimi. Wazee wote walianza kupiga kelele za kununua na kuuza kampuni zilizopo na zisizokuwapo, rundo la mito likaanguka, Senti Tano akaruka juu ya godoro na viatu vyake. Daktari wa meno huko juu alikuwa na mgonjwa kitini, akadhani ni ujambazi. Simlaumu.

Walikuja askari wawili. Mmoja aliuliza nani anagombana na nani. Mume wangu akamjibu, "Nanunua!" Ndiyo sababu alikamatwa wa kwanza. Njiani alimwambia askari, "Polepole, kijana," na askari hakujua kwa nini nilimkumbatia mume wangu.

Hakuna aliyepigwa wala kuibiwa. Godoro lililochafuka Senti Tano amelilipia, baada ya kuomba apunguziwe.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia mwenyewe. Nimesomewa, nimeridhika nayo.

Sahihi ya shahidi: Mama Chaki

Maoni ya mpokea maelezo: Daktari wa meno ameondoa malalamiko yake na kuwapa wahusika pole na hongera. Hakuna kosa lililoonekana. Wote wameruhusiwa kuondoka saa saba mchana. Shahidi ameomba waachwe kidogo kwenye benchi la mapokezi, kwa kuwa mumewe bado anaongea. Ombi limekubaliwa.