Tairi la Majani

Kulwa, mume wangu,

Marahaba. Huku Cheyo tu wazima, babu yako anakoroma kama gari la moshi. Jirani anayeniandikia nimemkataza kupamba maneno.

Eti uache safari yako ya baiskeli na hema huko pwani, kisa wenzako wanaicheka baiskeli yako kuukuu? Sikiliza. Enzi za Mwingereza mama yangu aliugua Tabora. Nilitoka Ipole na kaka yangu Masanja kwa baiskeli moja, mpira ukapasuka njiani. Tukalala porini kando ya moto. Asubuhi Masanja akasema, "Turudi. Mjini watatucheka."

"Rudi wewe. Baiskeli niachie."

Nikakata majani, nikayashindilia ndani ya tairi mpaka likawa gumu. Masanja akaendesha amenuna, mimi nyuma.

Kufika Mtendeni, mjini Tabora, watoto wakatukimbilia: "Baiskeli inakula majani!"

"Na haijashiba! Leteni mengine!" nikawajibu.

Wakaleta kweli, na yalifaa, maana yale ya kwanza yalikuwa yameanza kuchomoka. Wakatusukuma hadi mlangoni kwa mama, kelele tupu. Mama, aliyekuwa hainuki, tulimkuta ameketi, anacheka. "Nilijua tu ni wewe," akasema.

Basi panda, mume wangu. Wakikucheka, waombe maji ya kunywa.

Mkeo mzee,
Bibi Nyamizi