Foto Yenye Papa Neema Anangojea

Mama, mama moja wa kizungu akaniwekea telefone yake mu mukono, hata jina yangu hajauliza, akaenda kusimama mbele ya kanisa na bwana yake, banacheka. Nikabapiga foto. Kisha bengine bakakuya. Kisha bengine tena. Tangu asubui niko hapa Milano napiga foto ya bantu, na yangu hata moja bado.

Jambo Mama. Unaamuka namna gani? Mugongo inapunguka? Na mvua, ingali inaingia mu ile nyumba? Miye mwili iko muzuri, ni roho tu njo haiikale. Bahati, mudogo wangu, weye mwenye kumusomea Mama, soma polepole, na usiruke fasi ya Neema.

Mama, maneno yenye ulinituma kwa telefone nilisikia yote. Papa Neema anasema: "Kijana wenu, mwaka muzima hatuone sura yake. Ao alikufa, ao alioa kule." Na kama dimanche, siku ya misa, foto yangu haijafika, kichwa mupaka miguu, atapokea mbuzi za mahari za yule motard wa Kitshanga, mwenye kubeba bantu na pikipiki. Neema iko anakataa, lakini anakataa peke yake.

Nilikuwa nikupigie foto kule ku ferme, ile shamba ya ngombe yenye natumikia. Lakini kuangalia vizuri: milima, majani, ngombe. Papa Neema atasema, "Huyu hajatoka Masisi!" Njo ilibidi nifike Milano.

Leo asubui nilikuwa namaliza kukamua, patron, mwenye ferme, akasema: "Kamyo ya maziwa inaenda Milano. Unapanda ao unabaki?" Nikasikia haya kumuambia angoje nivae viatu. Nikapanda na botte, zile ndefu za mpira za kukamulia.

Mama, Milano ni muji ya zamani na ya bantu ba kuvaa. Kanisa yao kubwa ni majiwe meupe tu, juu ncha mingi, na ku kila ncha mutakatifu amesimama. Kule juu kabisa Maria anangaa sawa zahabu. Pembeni kuko barabara yenye paa ya vioo, maduka ya nguo huku na huku, bamama banapita viatu vinalia ko ko ko. Chini pale bamechora ngombe dume na vijiwe vidogo. Usikasirike, Mama, naandika vile niliona: kila muntu anaweka kisigino pale dume iko dume, anazunguka, ati inaleta bahati. Imekuwa shimo! Papa angekuwa anaishi angesema, "Hii ngombe haitazalisha tena." Miye sikukanyaga. Nilisikilia ile ngombe huruma.

Kuomba foto nilijaribu mara moja. Nilifuata muzee mwenye kofia, nikasema "Scusi", ni kusema samahani, akanifukuza na mukono: "No, no, no!" Alizani nauzisha vikomo, juu bandugu beusi bengi hapa banatembeza vikomo vya nyuzi vya kuvaa mu mukono. Moja yao, Musenegali murefu, akaanza kunicheka. Tulisemezana mu Kifaransa.

"Mudogo, na weye unauzisha nini? Botte?"

"Siuzishe kitu. Natafuta foto."

"Leta telefone nikupige."

"Hapana. Namungojea kaka yangu."

Kaka gani, Mama? Ni botte njo ilinifunga kinywa. Nilifikiri Papa Neema atasema: "Botte? Hata hapa Lushebere tuko nayo. Kule alienda kutafuta nini?"

Nikaikala ku ngazi ya sanamu ya farasi, palepale mbele ya kanisa. Mara kijana moja wa kamera kubwa, suruali imepasuka lakini ya bei, akapiga magoti mbele yangu. "Bello! Bello!" ati muzuri sana. Nikasimama wima, kinywa nimefunga, mikono sawa mu misa. Tac, tac, tac. Akanionyesha. Mama, alipiga botte! Botte tu, na mavi ya ngombe ingali inakauka juu yake. Kichwa yangu haimo. Akainua kidole gumba, akaenda.

Musenegali alicheka mupaka vikomo vikamuanguka. "Mudogo, botte yako imekupita ukubwa! Na yule kaka yako, angali njiani?"

Tangu pale siikale. Nasimama, nazunguka ile farasi, narudi. Naandika hii karatasi juu mikono ipate kazi; nitaipiga foto niitume ku telefone ya Bahati. Na namufikiri Neema. Siku ya kwanza alinisemesha, kule ku shamba ya maharagi, nilikuwa na botte. Alicheka, lakini hakuenda. Na baba yake, akiona mavi ya ngombe, atajua basi huku sikukuya kulala.

Unisalimie mama mudogo mwenye alitulisha wakati wa kukimbia. Unisalimie katekista wetu. Na kaka mukubwa kule Walikale, kama barabara imefunguka, mumuambie ningali muzima. Neema, mumuambie akatae tena hii siku moja, mupaka foto ifike.

Sasa naenda, Mama. Musenegali iko anafunga vikomo vyake mu kitambaa, anataka kutoka, na ni yeye peke yake mu hii muji mwenye aliniuliza kama nataka foto. Ameanza kutembea. Nakimbia.

Mutoto wako,
Innocent