Maple ya Mzee Bahati

Jumamosi

Bon, nimeukata mwenyewe, na mti unatiririsha maji pale nilipoukata tangu mchana.

Mzee Bahati ameikuza ile maple, mti wa nchi za baridi, miaka kumi na miwili nyuma ya nyumba yake. Tulipoichimbua tuifanye bonsai, mti mfupi wa kwenye chungu, nikajigamba: mtoto wa wakulima wa kahawa wa Kivu hafundishwi kukata! Nikaushusha hadi gotini, kama tunavyofanya kahawa ikizeeka.

Mzee akatoka ndani. "Kijana, tawi la chini liko wapi? Nimelingoja miaka sita linenepe."

"Papa, tulia. Litachipua lingine, tena zuri kuliko wewe."

Akacheka, akaniamini. Hilo ndilo linaloniuma. Sijui kama maple huchipua kama kahawa. Kesho baada ya ibada nitamwambia kwamba sijui.